Waliokuja na Masufuria

"Maharage peke yake, mama?"

"Na ndizi."

"Nyama je?"

"Chambua, Sonia. Hilo ni jiwe, usilipitishe."

Sonia akalitoa lile jiwe kwenye sinia, akalitupa dirishani. Mama yake, Bernadette, alikuwa amesimama mbele ya jiko la gesi, mikono kiunoni, akiitazama sufuria yake kubwa kuliko zote. Ilikuwa sufuria ya kupikia harusi. Kuijaza maharage tu kulikuwa kama kumvalisha bwana harusi kandambili, na yeye alijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya likizo ya baridi, Bernadette hulisha watu. Wenyeji wa Durban wakifika Julai huvaa makoti na kulalamika, na Warundi waliozaliwa milimani huwacheka, lakini hata wao hupenda kisingizio cha kukaa karibu na jiko. Tena Uhuru wa Burundi huangukia wiki hiyohiyo. Basi watu hupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, hapo mtaani Overport, hula mbuzi, ndizi, sombe ya majani ya muhogo na dagaa wanaoitwa ndagala, huimba, hugombana kuhusu siasa za nyumbani, na kurudi kwao wakiwa wazito. Hakuna anayekuja na chakula. Kwa Mama Sonia unakuja na tumbo.

Anatole, mumewe, alitoka chumbani amevaa kizibao chake cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kung'aa, kile wanachovaa watu wa bandarini.

"Leo pia?" Bernadette akamuuliza bila kugeuka.

"Iko kiwanda kimoja Pinetown, wanachukua watu wa kupakia mifuko. Hata Jumamosi. Nitarudi mbele ya wageni."

"Umekula?"

"Nitakula na wao."

Akatoka. Huko chini geti lilisikika likifunguliwa, na sauti ya Désiré, mlinzi Mkongomani wa jengo, ikapanda hadi jikoni ikimtakia kazi njema, kama ilivyopanda kila asubuhi.

"Bon travail, Papa Sonia!"

"Merci, Désiré."

Kazi yenyewe haikuwepo. Ghala alimokuwa akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo lilifungwa mwezi wa nne, na tangu hapo Anatole alivaa kizibao kila asubuhi, akamjibu Désiré merci, akaenda kusimama kwenye mageti ya viwanda pamoja na wanaume wengine wenye vizibao. Bernadette alikifua kila Jumapili na kukianika mbele ya dirisha, mahali pa kuonekana, ingawa hakikuwa kikichafuka tena. Walikuwa wamekubaliana wawili: watu wasijue. Mapato ya Bernadette ya kusuka nywele saluni yalitosha kodi ya nyumba na unga. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akipeleka vyakula kwenye nyumba za wengine, miaka yote hiyo. Watu wakijua watakuja na huruma, alisema, na huruma ikishaingia ndani inataka kiti.

Jana yake alikuwa amepita na Sonia mbele ya bucha. Mwenye bucha, Mhindi mmoja mcheshi, akatoka hadi barabarani kumwambia kwamba amemtengea mbuzi wake, kama kila mwaka.

"Mwaka huu wageni wangu hawali nyama," Bernadette akajibu. "Daktari amewakataza."

"Wote?"

"Wote."

Mhindi akamtazama kidogo, kisha akasema haya, mama, awasalimie. Heri angebisha. Sonia alitembea nyuma ya mama yake hadi kwenye robot, zile taa za barabarani, akitazama mgongo wake ulivyonyooka. Walipofika nyumbani akachukua simu, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la jamaa wa Overport, ambalo wazazi wake hawakuwa na mazoea ya kulifungua, bila kumwambia mtu:

"Shikamooni. Kesho kwetu kila mtu aje na sufuria yake ya chakula. Mama hatapika. Mje mapema mkae naye."

Alijiona ametenda jambo la akili. Chuoni kwao ndivyo wanavyofanya: kila mmoja analeta kitu, mnakula, hakuna anayeumia. Angemweleza mama wageni wakishaingia, watu wakicheka, na mama asingeweza kukasirika mbele za watu. Msichana alikulia Durban. Kizulu anakijua, Kiingereza anakijua, na sheria za pale anazijua. Sheria za kule hakuna aliyekaa akamfundisha, kwa kuwa walidhani mtu huzaliwa nazo.

*

Wa kwanza kufika walikuwa Mzee Ladislas na mkewe Estella. Ladislas ndiye mkubwa wao kwa umri, na hakuna ndoa wala msiba wa Warundi hapo mjini usiopitia mikononi mwake. Siku hiyo alivaa koti jeusi. Estella alijifunga kitenge cha rangi ya giza, na mikononi alibeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Aliingia bila hodi ya kelele, akaiweka sufuria chini, sakafuni, karibu na ukuta. Kisha akamkumbatia Bernadette na kumshikilia muda mrefu.

"Pole, mwanangu."

"Asante, mama. Nimeshazoea," Bernadette akasema, akidhani ni pole ya jikoni.

Estella akatikisa kichwa. Mazoea gani haya.

Wakaja wanawake wa kwaya, kila mmoja na sufuria, na kila mmoja akaiweka chini kwenye mstari uleule. Wanaume walibaki koridoni, kofia mikononi, wakizungumza kwa sauti ya chini. Hakuna aliyeuliza leo kuna nini jikoni. Hakuna aliyeimba. Sonia alikuwa bafuni akioga, maji yakitiririka, akijisikia vizuri.

"Na yeye," Estella akauliza polepole, "iko wapi sasa?"

"Nani?"

"Baba Sonia."

"Alitoka asubuhi. Hajarudi."

Estella akafumba macho.

Hapo ndipo Bernadette alipotazama. Akaona koti jeusi. Akaona vitenge vya giza, na masufuria yamepangwa sakafuni. Aliujua mstari ule. Mara ngapi yeye mwenyewe ameinama na kuweka sufuria yake kwenye mstari kama huo, katika nyumba ambayo moto umezimwa na mwenye nyumba hapiki? Kwao ni hivyo: mtu haingii kwa mwenzake na chakula kilichoiva ila kumezaliwa au kumekufa. Na kwake hakukuwa na mtoto mchanga.

"Ni Pinetown?" akauliza. Sauti haikuwa yake.

Estella hakujua lolote kuhusu Pinetown. Lakini mfiwa akisema, husikilizwa. Akamgeukia mumewe.

"Ilikuwa Pinetown."

"Pinetown," Ladislas akawaambia wanaume wa koridoni, na neno likashuka ngazi hadi kwa Désiré getini, ambaye alivua kofia.

Bernadette akaketi chini, mwiko bado mkononi. Sonia akatoka bafuni na taulo kichwani, akamkuta mama yake sakafuni katikati ya wanawake.

"Mama? Mama, iko nini?"

"Baba yako."

Msichana akakimbilia simu, akapiga namba ya baba yake. Simu ikalia chumbani, kwenye chaja, mahali Anatole alipoisahau.

Wakati huo ndipo walipopanda Philip na mkewe Nyanchama, Wakenya wa ghorofa ya chini. Philip ni mwalimu wa chuo, mtu wa maneno machache. Nyanchama ana maneno ya wote wawili. Wao ujumbe waliusoma kama ulivyoandikwa, maana kwao kwenda na sahani kwa jirani ni heshima tu. Nyanchama alikuja na sweta nyekundu na rundo la chapati lililofika kidevuni.

"Haya, nani ameshika meza? Hizi zikipoa msinilaumu. Ai, mbona mmenyamaza hivi?"

"Baba Sonia," Estella akamnong'oneza. "Pinetown."

"Woi. Woi, Mama Sonia wangu."

Akaziweka chapati chini kwenye mstari wa masufuria, akaketi karibu na Bernadette, akalia kuliko watu wote. Philip akasimama ukutani, hajui mikono aiweke wapi. Jikoni maharage yalikuwa yakichemka peke yake, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini nyumba ya matanga inanukia kitunguu na mawese.

*

Désiré alipomwona Anatole akivuka barabara, alijifanyia ishara ya msalaba na kurudi nyuma. Anatole alifungua geti mwenyewe.

"Papa Sonia?"

"Sasa ni nani mwingine? Umeona mzimu?"

Ngazini watu walimpisha wakijibana ukutani. Mwanaume mmoja akamgusa begani, kama anayepima kitambaa. Anatole akaharakisha. Akaingia ndani mweupe kwa vumbi la saruji kuanzia nywele hadi viatu, kizibao chake kikiwaka katikati ya nguo nyeusi, akaona mstari wa masufuria. Na yeye alikuwa Mrundi.

"Nani amekufa?" akauliza.

Kilio cha Nyanchama kikakatika katikati. Bernadette akainuka. Akatembea hadi kwa mumewe, akakikamata kile kizibao kwa mikono miwili, akakitikisa hadi vumbi likawaingia watu puani.

"Hukubeba simu."

"Niliisahau."

"Hukubeba simu, Anatole."

"Niliisahau, mama. Niko hapa."

Hakumwachia. Alimpenda mwanaume huyo, na kwa dakika ile hakuona aibu watu wakijua.

Mzee Ladislas akakohoa. Ni mtu wa utaratibu, na utaratibu ulikuwa umemponyoka.

"Bon. Kama Baba Sonia yupo, haya matanga ni ya nani?"

"Matanga gani, babu?" Sonia akauliza.

Estella akatoa simu kifuani, akampa. Sonia akasoma maneno yake mwenyewe.

"Eish. Hii ni mimi niliandika. Ni kila mtu alete chakula tu, babu. Chuoni tunafanya hivyo."

"Umeandika mama hatapika."

"Ili apumzike."

"Umeandika tuje na masufuria, tukae naye."

"Ndiyo."

"Mtoto wangu," mzee akasema, na hakuwa na hasira, "sasa mtu mzima akisoma hivyo, afikiri nini?"

"Si mngepiga simu, muulize."

"Msiba hauulizwi kwa simu."

Mwanamke mmoja wa kwaya akaanza kucheka, akajifunika mdomo. Mwingine akamfuata. Nyanchama akajifuta machozi akisema ati amemaliza machozi ya mwaka mzima kwa mtu mzima wa afya, nani atamlipa. Kicheko kikaenda koridoni na kurudi. Mambo yangeweza kuishia hapo, na Bernadette alianza kuamini kwamba yataishia hapo.

"Lakini," Estella akasema, angali anapangusa macho, "kwa nini mama yako asipike?"

Sonia akatazama chini. Kicheko kikapungua, kikaisha.

"Nimepika," Bernadette akasema. Akaenda jikoni akafunua sufuria.

Watu wakasogea. Mvuke ukapanda. Waliona maharage na ndizi, na macho yao yakaendelea kutafuta, kwa adabu, kitu kingine ambacho hakikuwepo. Bernadette aliwaona wakitafuta. Akanyoosha mgongo kama jana yake mbele ya bucha, na uongo ulikuwa tayari ulimini.

"Mwaka huu daktari..."

"Acha, Bernadette."

Anatole alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Akafungua zipu ya kizibao, taratibu, akakivua.

"Mzee, umeuliza matanga ni ya nani. Ni ya kazi yangu. Ilikufa mwezi wa nne. Kila siku mnaniona na hii nguo, ninaenda kusimama kwenye mageti. Leo nimepakia saruji, kesho sijui. Mbuzi hakuna kwa sababu kazi hakuna. Njo hivyo."

"Anatole," mkewe akasema kwa sauti ndogo.

"Waache wajue. Nimechoka kumwambia Désiré merci."

Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio kitamfichua, na kilio kilikuwa kimekuja mpaka na chapati. Bernadette alibaki ameshika kifuniko, uso umemkakamaa, akiingoja huruma. Aliiona inakuja. Wanawake walikuwa wameshainamisha vichwa upande mmoja, na Estella ameshanyoosha mkono.

Mzee Ladislas aliuona uso ule. Alikuwa amemla mbuzi wa mwanamke huyu kila Julai, na usiku mkewe Estella alipolazwa, sufuria iliyofika nyumbani kwake kwanza ilikuwa ya nani? Akafunga vifungo vya koti lake jeusi.

"Basi hatukupotea njia," akasema. "Tuliitwa kwenye matanga, na matanga yapo. Kaeni."

Wakakaa, wengine kwenye viti, wengine sakafuni. Hata Philip akakaa.

"Marehemu alikuwa na miaka mingapi?"

Anatole akamtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania, au kama alitania, alitania kama anavyoongoza misiba yote.

"Kumi na mmoja, mzee."

"Aliwatunza?"

"Alitutunza. Alimsomesha Sonia mpaka chuo."

"Alikuwa na tabia mbaya?"

"Alikuwa anapenda kuniamsha mapema."

Watu wakacheka kidogo, kwa heshima.

"Kuna mtu humu anamdai marehemu kitu? Hakuna. Basi tangu mwezi wa nne mpaka leo watu hawa wamekaa matanga peke yao, bila sisi, na hilo ndilo kosa. Matanga ya peke yako hayaishi. Leo tunafanya levée, tunaanua. Sonia, leta maji."

Sonia akaleta beseni na birika. Akammiminia baba yake, na saruji ikatoka mikononi ikageuza maji kuwa ya kijivu. Akambadilishia, akammiminia tena, mpaka yakatoka safi.

"Mtu akitoka kwenye matanga anarudishiwa jembe," mzee akasema. Akaangaza macho chumbani. Ghorofa ya tatu, Overport: jembe litoke wapi? Akauchukua mwiko wa Bernadette, akampa Anatole.

"Yeye atupakulie?" mwanamke wa kwaya akauliza. "Leo tutaona mambo."

Estella akainama kuifungua sufuria yake.

"Mama Estella, iache hiyo," Bernadette akasema.

Sauti yake ilikuwa imerudi, yote.

"Hakuna sufuria itafunguliwa humu mbele ya yangu. Mtakula maharage ya kwangu kwanza, kila mtu. Mkimaliza, mengine mtajua wenyewe."

Na ndivyo ilivyokuwa. Anatole alipakua vibaya, akimwagia watu mchuzi vidoleni, na wanawake wakamtania mpaka akatoka jasho. Bernadette alisimama nyuma yake na kumwambia nani aongezwe ndizi. Maharage yaliwafikia wote. Désiré akaitwa kutoka getini, akala amesimama, akimtupia Anatole jicho mara kwa mara ili ahakikishe. Philip, ambaye hakuwa amesema kitu tangu afike, alimaliza, akapangusa sahani kwa chapati ya mkewe, akasema: "Mama Sonia, hii haikosi chochote." Bernadette hakushukuru. Alipokea tu, kama mtu anayepokea chake.

Ndipo masufuria yakafunguliwa. Estella akafungua ya kwake: maharage. Jirani yake akafungua: maharage. Ya tatu, ya nne, maharage. Watu wanaokwenda matangani wapeleke nini, keki? Sufuria hadi sufuria, mstari mzima ulikuwa maharage, na kila kifuniko kilipofunuliwa kicheko kilizidi, mpaka Sonia akalazimika kushika ukuta.

Bernadette alipita mbele ya mstari huo akichungulia moja moja, bila haraka.

"Ya kwangu ina ndizi," akasema.

*

Jioni wageni walianza kutafuta viatu vyao. Masufuria yalikuwa bado nusu. Estella alimkonyeza mwenzake, na wote wakaanza kutoka mikono mitupu.

"Mnasahau vyombo," Bernadette akasema.

"Ziache tu hapo, mwanangu. Tutazifuata wiki kesho."

Alijua maana yake. Chakula kibaki, nyumba ipate kula wiki nzima, na mtu asitamke neno msaada.

"Mama Estella, sufuria inaachwa kwenye matanga. Mzee ameanua matanga. Mimi niko na macho, nimemwona."

Estella akafungua mdomo. Ladislas akamgusa kiwiko, akaufunga.

Bernadette akamimina masufuria yote ndani ya ile yake ya harusi. Akawasha moto, akatia kitunguu, mawese na ndizi zilizobaki, akakoroga mpaka haikujulikana tena nani alileta nini. Sonia akaosha vyombo, na mama yake akavijaza upya, kimoja kimoja. Mlangoni, kila mwanamke alipokea sufuria yake kwa mikono miwili na kusema asante, Mama Sonia, kama alivyosema kila Julai. Chakula cha nyumba yake kilibaki kiasi cha kula kesho. Alikifunika.

Jumatatu asubuhi Anatole alishuka na sweta. Bernadette alikuwa jikoni, maji ya uji yanachemka, dirisha wazi.

"Bon travail, Papa Sonia!" Désiré akasema, kwa mazoea.

"Sina travail, Désiré. Ninaenda kuitafuta. Ukisikia pahali, uniambie."

"Sharp, sawa, papa. Nitauliza na kwa shemeji, iko Pinetown."

Sauti zao zilisikika jengo zima. Bernadette alisikiliza mpaka geti likafungwa. Kisha akakichukua kile kizibao cha rangi ya chungwa kutoka msumarini, akakikunja mara mbili, akaishika nacho sufuria ya moto, akaiepua.